Zamani Watoto Walikuwa Wapi?

Mwalimu Praxeda hunywa chai yake amesimama mlangoni, bila sukari, kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Tunakaa uwanja mmoja hapa Biryogo, Kigali. Mlango wake unatazamana na wangu, na katikati kuna kamba ya nguo ambayo siku hizi nepi za mwanangu mchanga zimeiteka yote. Hajawahi kulalamika. Akipita anainama tu chini yake, kikombe mkononi, kisha anainuka upande wa pili na kuniuliza kama mtoto amelala vizuri.

Mimi nashona sare za shule. Cherehani iko kibarazani, kwa hiyo nikitaka nisitake naona anayetoka na anayeingia. Huyu mwalimu nimemtazama miaka mingi na naweza kusema ni mtu asiyependa kelele. Hata watoto wakimkera hushusha sauti badala ya kuipandisha, na wao hunyamaza ili wasikie anasema nini. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda wakiwa watoto. Alirudi hapa msichana mkubwa, juu ya lori, yeye na mama yake, Bibi Mukashema, ambaye bado anakaa naye. Hakuolewa. Watu wakimuuliza kwa nini, anajibu, "Nina watoto darasa zima, na wote wana njaa kabla ya saa nne."

Shami, binti yangu wa kwanza, yuko kwenye darasa hilo, la nne. Mambo ninayoyaeleza yalianza kwake.

Siku hiyo walikuwa wanasoma habari za zamani. Kitabu kina picha ya mfalme, wapiga ngoma, wanaume wenye mikuki, na ng'ombe wenye pembe ndefu. Shami akainua mkono. "Mwalimu, zamani watoto walikuwa wapi?"

Darasa likacheka. Jioni Praxeda alivuka uwanja akaja kukaa kwenye ngazi yangu.

"Mama Shami, binti yako leo amenifunga mdomo."

"Amefanya nini tena huyo?"

"Ameuliza swali. Nimetafuta kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa. Ndama nimemwona. Mtoto wa mtu sijamwona hata mmoja." Akamchukua mwanangu kutoka mapajani mwangu, akamtazama usoni kama anayetaka kumuuliza yeye. "Na mimi nimefundisha kitabu hicho miaka yote, sijaliona hilo."

Kesho yake akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba kipindi. Mkuu wa shule ni Mtanzania wa Tukuyu, anaitwa Lusekelo, mtu mnene, mcheshi, anayecheka kwa mabega. Lakini kwenye ratiba hana utani. Praxeda alimwambia anataka kuwafundisha watoto jinsi watoto wenzao walivyoishi zamani: walicheza nini, walifanya kazi gani, nani aliwalea.

"Kipindi cha Jumatano baada ya chakula ni cha hesabu za ziada," mkuu akamwambia. "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Jumatano ya mwisho nitakuja mwenyewe kusimama pale nyuma. Nikiona watoto wanajifunza, kipindi ni chako mpaka mwaka uishe. Nikiona porojo, hesabu zinarudi. Sawa, Mwalimu?"

"Sawa, Mkuu."

"Na vifaa? Utafundishia nini? Usiniambie mdomo."

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na Praxeda aliijua. Alirudi nyumbani na furaha upande mmoja na mzigo upande mwingine.

Vifaa vya kwanza alipewa na mkuu mwenyewe. Shule ilikuwa imepata mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki, na tangu siku ile hakuna karatasi iliyosalimika. Hata zamu za kufagia vyoo zilifunikwa. Mkuu akatafuta kwenye mtandao "watoto wa zamani", akachapa, akafunika, akamletea Praxeda chati nne zinazong'aa kama sahani. Jumatano ya kwanza zikatundikwa. Shami alinisimulia huku akila.

"Mama, kulikuwa na mtoto wa Kizungu ana uso mweusi. Kenny akauliza mbona Mzungu huyu ni mweusi, Mwalimu akasema ni masizi, anafagia bomba la moshi. Kenny akauliza kwani hawana bomba la maji, aoge?"

"Mwalimu akasemaje?"

"Akacheka. Halafu akawa hacheki."

Praxeda aliniambia baadaye kwamba zile picha hazikuwa mbaya. Watoto wale nao walikuwa watoto kweli, tena wenye taabu. "Lakini wanangu walizitazama kama wanatazama mwezi," akasema. "Hakuna aliyeuliza swali la pili."

Basi kwa ajili ya Jumatano ya pili akabadilisha njia. Aliwaambia watoto, kila mmoja aje na kitu kimoja cha zamani, kitu cha utoto wa baba au mama au bibi. Kitashikwa, kitanuswa, kitaelezwa. Nilipomsikia nikaona ni wazo zuri. Mimi mwenyewe nilimpa Shami mbeleko aliyonibebea mama yangu kule Kyaka nilikokulia, imepauka mpaka maua yake hayaonekani. Sikufikiri zaidi ya hapo. Wala Praxeda hakufikiri, na yeye ndiye anayejua Kigali hii imejaa watu wa namna gani.

Jumatano hiyo nilikuwa nimepeleka masweta shuleni, mtoto mgongoni, Praxeda akanikaribisha nikae nyuma nimnyonyeshe. Kwa hiyo haya nimeyaona, sikusimuliwa.

Mtoto mmoja alileta kikombe cha bati cha babu yake. Kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu kikachakaa vizuri kabisa, ila chini yake kibandiko cha bei cha duka la Muhima kilikuwa bado kimeshika. Mwingine alileta kikapu kinachonuka vanishi mpya. Kenny, ambaye baba yake Benon ni dereva wa familia moja kule Nyarutarama, alileta chombo cha maziwa cha mti mweusi, kirefu, na kifuniko chake cha ukindu, kitu cha thamani. Darasa lote lilitaka kukishika. Praxeda alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukieleza, mlango ukagongwa, Benon huyo, jasho linamtoka.

"Mwalimu, pole sana. Kile chombo iko wapi? Naomba nirudishie haraka, wageni wamefika."

"Wageni wa nani? Si ni cha babu yake Kenny?"

"Ni cha babu ya mtu," Benon akasema, akikipokea kwa mikono miwili. "Babu ya bosi. Kinakaaga sebuleni, juu ya kabati."

Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye dawati. Praxeda naye alicheka, na mimi pia, mtoto akaacha ziwa akanitazama. Benon hakuona haya. "Mwalimu, mimi nimekulia Uganda, kambini," akasema akiwa mlangoni. "Tulirudi na godoro moja na redio. Redio ilikufa. Ungeniambia nilete nini?" Akaondoka anakimbia, kakumbatia chombo kama mtoto mchanga.

Kicheko kilikuwa hakijaisha vizuri, Praxeda alipofika kwa Pretty. Huyu ni msichana mwembamba anayekaa dawati la mbele, mtaratibu. Mikono yake ilikuwa juu ya dawati, mitupu.

"Na wewe, Pretty?"

"Mama amesema hatuna."

"Hata kitu kidogo?"

"Amesema nyumbani kwetu kitu cha zamani kuliko vyote ni yeye."

Darasa lilikuwa bado na kicheko mdomoni, likadhani huo nao ni mchezo, likacheka. Pretty hakucheka. Alivuta mikono akaificha chini ya dawati. Praxeda alisimama pale na chaki yake.

Jioni ile hakupika chai. Alikaa kwenye ngazi yangu, mimi namwogesha mtoto kwenye beseni.

"Nimemvua nguo mtoto wa watu mbele ya wenzake," akasema.

"Hukukusudia."

"Sikukusudia, lakini nilipaswa kujua. Waliorudi kutoka nje walirudi mikono mitupu. Waliokuwa hapa, wengine walichomewa kila kitu. Mimi mwenyewe nina nini? Mama alitoka Karagwe na sufuria moja, ikatoboka njiani. Halafu nasimama nawaambia watoto, leteni. Wazazi wameona aibu, wakaenda kununua uzee dukani."

Bibi Mukashema, aliyekuwa anachambua mchicha mlangoni, akainua kichwa. "Ile sufuria haikutoboka njiani. Ilitobolewa na wewe, uliikalia."

"Mama, nakuomba."

"Nasema ukweli tu. Si unafundisha habari za zamani?"

Ilibaki Jumatano moja, ile ya mkuu. Praxeda alisema labda azirudishe tu hesabu, kabla ya kumuumiza mtoto mwingine.

Mama yake Pretty namfahamu. Anaitwa Liliane, ana kibanda cha vifungo, nyuzi na zipu pale Muhima, na mimi hununua kwake. Ijumaa nikaenda kutafuta vifungo vya sare. Kulikuwa hakuna mteja mwingine. Liliane alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, macho yako barabarani, na mkono wake wa kulia unafanya kazi peke yake: unarusha kifungo kimoja kikubwa juu, unazoa vingine vitatu mezani, kisha unakidaka kile kabla hakijaanguka. Anarusha, anazoa, anadaka. Hakuangalia hata mara moja.

Nilisimama nikasahau kilichonileta. Mchezo ule kwetu tunauita mdako. Nimeucheza Kyaka mpaka magoti yakaota sugu.

"Liliane, kumbe unajua mdako!"

Akashtuka, akafunika vifungo kwa kiganja kama amekamatwa anaiba. "Sijui unaitwaje. Ni mikono tu inajichezea. Unataka vya bluu au vyeupe?"

"Nani alikufundisha?"

"Zamani." Akanipimia vifungo, akaongeza viwili vya bure kwa ajili ya mtoto, kama kawaida yake. Sikumuuliza zaidi. Lakini nilipofika nyumbani nilimwambia Praxeda kabla hata sijamshusha mtoto mgongoni.

"Mikono yake ilikuwa inafanya hivi?" Akarusha kitu hewani ambacho hakipo, akakidaka.

"Hivyo hivyo."

"Kesho unanipeleka."

Jumamosi tukateremka Muhima. Liliane alipomwona mwalimu akasimama wima, akakaza uso. "Mwalimu, kama ni habari ya kile kitu, nilishamwambia Pretty..."

"Nimekuja kukuomba radhi," Praxeda akasema. "Nilimwaibisha mtoto wako. Lilikuwa kosa langu, halikuwa lako wala lake." Akasogea mezani. "Na nimekuja kununua vifungo."

Liliane akakaa. Akasogeza kisanduku. Praxeda akachagua vichache, akavitandaza mezani, akarusha kimoja. Kilimpita kidoleni, kikaenda zake chini ya kabati, na vingine vikamwagika kila upande. Mimi nikainama kuviokota na mtoto mgongoni. Nikiwa kule chini nikasikia Liliane anacheka.

"Mwalimu, unarusha kama unampiga mtu jiwe! Nipe." Akavikusanya. "Jicho liache. Mkono unajua wenyewe. Angalia." Vifungo vikaruka, vikazolewa, vikadakwa, kwanza kimoja, kisha viwili, kisha vyote pamoja mgongoni mwa mkono.

"Na wewe ulisema huna kitu," Praxeda akasema polepole.

"Hiki si kitu, Mwalimu. Ni mchezo."

"Nani alikufundisha?"

Safari hii alijibu. "Nililelewa kwenye kituo cha watoto yatima. Baada ya mauaji ya kimbari tuliokotwa tukapelekwa pale, mimi nilikuwa mdogo sana, sikumbuki hata njia. Kulikuwa na msichana mkubwa, yeye ndiye alitufundisha. Jina lake nimelisahau. Mikono yake naikumbuka, alikuwa na kovu hapa, kwenye kidole gumba."

Basi la kwenda Nyabugogo lilipiga honi hapo nje, tukasubiri lipite.

"Njoo Jumatano," Praxeda akamwambia. "Uwafundishe watoto, kama ulivyonifundisha mimi sasa hivi."

"Mimi? Niseme nini mbele ya watoto? Waniulize habari za mwaka ule?"

"Habari za mwaka ule zina siku zake na wasemaji wake. Mimi nakuomba mchezo. Wakikuuliza usilotaka kujibu, nitazame tu. Nitagonga meza, tutaendelea na jingine."

Liliane alichezesha vifungo kiganjani. Hakusema atakuja. Alisema, "Jumatano huwa kuna wateja wachache," na sisi tukaondoka na hilo.

Njiani Praxeda alitembea haraka kuliko mimi. Alikuwa anapanga. Hakuna mtoto atakayeambiwa alete chochote. Vijiwe viko kwenye uwanja wa shule, kila mtoto atajiokotea. Wazazi na bibi watakaokuja hawataleta kitu, watakuja na mikono yao. Na watoto watafundishwa kuuliza maswali matatu tu: Nani alikufundisha? Mlichezea wapi? Aliyekosa alifanywa nini?

"Kwa nini hilo la tatu?" nikamuuliza.

"Sijui bado. Ila mtoto yeyote, ukimfundisha mchezo, ndilo analouliza kwanza."

Mama yake alipoambiwa kwamba naye atakwenda, alikataa. "Mdako? Hiyo si historia. Hiyo ilikuwa uvivu wa kuchota maji." Lakini Jumanne nilimwona nyuma ya nyumba, amekaa mkekani, anarusha maharage mabichi peke yake. Aliponiona akasema anachambua.

Mimi nilichukua vipande vya sare vilivyobaki, nikashona vifuko vidogo vya kutilia vijiwe, kimoja kwa kila mtoto. Vilikuwa na rangi moja vyote.

Jumatano nilivipeleka shuleni mwenyewe, nikakaa nyuma na mwanangu. Mwalimu mkuu alifika kabla ya kengele. Akasimama nyuma, mikono mgongoni, akaziangalia kuta. "Chati zangu ziko wapi, Mwalimu?"

"Ninazitumia, Mkuu. Utaona."

Madawati yalikuwa yamesogezwa, mikeka imetandikwa. Bibi Mukashema alikaa katikati kama mwenye nyumba. Benon alikuja na shati la kazini, akasema bosi amempa ruhusa mpaka saa tisa. Nafasi ya tatu ilikuwa wazi. Pretty aliitazama ile nafasi, kisha mlango, kisha vijiwe vyake. Praxeda alianza bila kusubiri, lakini nilimwona naye anautazama mlango.

Bibi alitaka shimo. Wakamletea beseni lililojaa udongo, akachimba kwa vidole, akatia punje za kahawa kavu alizoomba kwa muuza kahawa wa hapa kwetu. Mikono yake inatetemeka akishika kikombe, ila siku ile haikutetemeka. Watoto walihesabu kwa sauti kila alipozoa. Katikati ya kelele hizo Liliane akaingia kimya, akakaa kwenye nafasi yake, mfuko wa vizibo vya soda mapajani. Pretty alisogea mpaka bega lake likagusa goti la mama yake.

Maswali yakaanza. Bibi alifundishwa na dada yake. Walichezea nyuma ya nyumba ya mwenye shamba la kahawa, Karagwe, ndiyo maana kete zao zilikuwa kahawa, na ukionekana unazichukua unachapwa. Na aliyekosa?

"Aliyekosa alichota maji ya wote. Mtoni, mlima kushuka, mlima kupanda. Mimi nilijifunza kudaka haraka sana."

Benon alikiri kwamba kwao Uganda ulikuwa mchezo wa wasichana. "Sisi tulicheza huko machungani, hakuna wa kuona. Aliyekosa anakimbia kurudisha ng'ombe." Akacheka. "Kenny, baba yako alikimbia sana."

Liliane akatandaza vizibo juu ya sakafu, bila shimo, akaanza. Bibi Mukashema akamkatiza.

"Shimo liko wapi?"

"Sisi hatukuwa na shimo, Bibi."

"Mdako bila shimo! Huo si mdako, mwanangu. Huo ni kumwaga tu."

"Bibi, hata sisi saa nyingine tulicheza bila," Benon akasema.

"Wewe nyamaza, kijana wa magari, wewe ulikuwa unafukuza ng'ombe!"

Watoto wakagawanyika papo hapo, wengine shimo, wengine bila shimo, kelele ikapanda mpaka darasa la jirani wakachungulia dirishani. Mwalimu mkuu alitoa mikono mgongoni akaanza kuja mbele. Praxeda akamwinulia kiganja, bila hata kumgeukia. Hakuna anayemsimamisha Lusekelo hivyo. Lakini alisimama.

"Nani anasema kweli?" Praxeda akauliza kwa ile sauti yake ya chini, na kelele ikashuka ili isikie.

"Bibi, kwa sababu ni mkubwa."

"Baba Kenny!"

"Teacher, tupige kura!"

Pretty akainua mkono. "Kwa mama palikuwa simenti. Angechimba wapi?"

Watoto wakaitazama sakafu iliyokuwa chini yao. Bibi naye akaitazama, akaigonga kwa kidole.

"Haya," akasema. "Simenti haichimbiki."

Hapo Praxeda akachukua moja ya chati za mkuu, akaigeuza mgongo wake mweupe unaong'aa, akaanza kuandika juu yake kwa kalamu nene: Karagwe, shamba la kahawa, shimo, maji. Uganda, machungani, ng'ombe. Akawauliza watoto wanaona nini. Mmoja akasema wote walikuwa watoto lakini walikuwa na kazi. Mwingine akasema mchezo ulikuwa wa kuamua nani afanye kazi. "Na nyie leo," Praxeda akauliza, "ukikosa kwenye mchezo wa simu unafanywa nini?"

"Unaangalia tangazo!" Kenny akajibu, na hata mkuu akacheka kwa mabega.

Sasa mstari wa tatu ulikuwa mtupu. Shami wangu, ambaye hajui kusubiri, akamgeukia Liliane. "Na kwenu, mama Pretty, aliyekosa alifanywa nini?"

"Hakufanywa kitu. Hakutoka. Alikaa, akamshikia mwenzake vizibo, mpaka zamu yake irudi."

"Kwa nini hakutoka?"

Praxeda akaweka ngumi juu ya meza, tayari kugonga. Liliane aliiona ile ngumi. Nami nilimwona anaiona. Akageuza kizibo kimoja vidoleni, upande mmoja, upande mwingine.

"Yule dada aliyetufundisha hakutaka mtu atoke," akasema. "Tulikuwa hatuna wa kumwendea huko nje. Kwa hiyo ukikosa, unakaa."

Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyelia. Watoto waliitikia kwa vichwa kama watu walioelezwa jambo la kawaida linaloeleweka. Praxeda akafungua ngumi, akaandika: Kituo, simenti, vizibo vya soda, aliyekosa anakaa.

Kisha kila mtoto akafungua kifuko chake. Vijiwe vikaanza kuruka darasa zima, na mimi nikamfunika mwanangu kichwa kwa khanga. Liliane alizunguka akishika mikono ya watoto, huyu alegeze kiwiko, huyu aache jicho. Pretty alikuwa nyuma yake akiwaelekeza wengine kama mwalimu msaidizi.

"Mkuu naye acheze!" mtu akapaza sauti.

Lusekelo alijitetea kwamba ana suruali mpya, lakini alishashikwa mikono. Akakaa kwenye mduara wa Pretty, magoti yamefika kidevuni, akarusha. Kijiwe kilimgonga paji la uso.

"Atoke! Mkuu atoke!"

"Akachote maji!"

"Hapana," Pretty akasema. "Mduara huu tunacheza wa mama yangu. Shikilia hivi, Mkuu." Akamwekea vizibo vyake kwenye kiganja.

Na mwalimu mkuu akakaa hivyo, kimya, akimshikia mtoto vizibo, akisubiri zamu yake. Kengele ililia, hakuinuka. Alikosa tena mara ya pili, akakaa tena. Alipokuja kusimama, akijipangusa suruali, aliisoma ile chati iliyogeuzwa kutoka juu mpaka chini.

"Mwalimu Praxeda, Jumatano ijayo mnafanya nini?"

"Watoto wamesema wanataka kujua zamani watoto walilala wapi, na walilala na nani."

"Kwetu Tukuyu tulilala wanne, na mbuzi alikuwa wa tano. Nitakuja kulisema." Akafika mlangoni, akageuka. "Hesabu nitazitafutia mahali pengine. Lakini chati zangu, nakuomba uandike upande mmoja tu. Ule mwingine nao una watoto."

"Wale wa masizi sijawaacha, Mkuu," Praxeda akasema. "Nao tutawauliza aliyekosa alifanywa nini."

Jioni ile Praxeda alinywa vikombe viwili vya chai, na cha pili alikaa chini akakinywa. Liliane alikuwa amepita kumchukua Pretty, ambaye alikuja nyumbani na Shami, na wasichana wote wawili hawakutaka kuachana. Akaambiwa akae basi ale. Alimpokea mwanangu, akamlaza begani, na mkono wake mmoja uliokuwa wazi ukaanza kujichezea na vifungo vyangu kwenye meza ya cherehani.

Chini ya nepi, kwenye simenti ya uwanja, wasichana walitandaza vizibo vya Liliane, wakamweka Bibi Mukashema katikati yao. Alikuwa ananung'unika kwamba bila shimo mtu hawezi kupata mkono. Akarusha. Punje yake ya kahawa ikaviringika mpaka kwenye mfereji.

"Bibi amekosa!"

"Nimekosa," akasema, akijivuta vizuri mkekani. "Lakini sitoki. Lete hivyo vizibo niwashikie."